Sindano Sita kwa Zizi Zima

Same, Jumapili alasiri

Nakundwa mwanangu,

Umekwenda kuwaaga shangazi zako, nami nimebaki na nyumba iliyojaa mizigo yako. Nimekaa pale pale jikoni uliponiuliza swali juzi.

"Mama, ungekuwa wewe ungechukua nini? Sindano za kutupa, au zile za chuma za kuchemsha?"

Nilikwambia ngoja niwaze, kisha nikaanza kuchambua mchele ambao ulishachambuliwa. Uliniona. Ukachukua ndoo ukaenda bombani. Ulidhani mama amechoka, au hataki uondoke. Vyote viwili ni kweli, lakini havikuwa sababu.

Mambo ya chandarua, ya kutafuta chumba chenye dari, ya kujitambulisha kwa mtendaji kabla ya kuanza kutembea vijijini, hayo sikuandikii. Unayajua, na usiyoyajua wenyeji wa Kiteto ulikopangiwa kazi watakufundisha kuliko mimi. Nakuandikia kuhusu sindano tu. Ni swali dogo, na jibu lake limenikalia kifuani tangu ulipokuwa darasa la tatu.

Nilipoanza kazi ya udaktari wa mifugo sikuwa na cha kuchagua. Nilipewa lile sanduku la chuma unalolijua, lenye mabomba mawili ya sindano ya kioo, bomba moja kubwa la chuma, na sindano nene zilizopangwa kwenye kitambaa. Kila kitu kilichemshwa. Nilikuwa naamka, nawasha mkaa, natia sanduku kwenye sufuria, nahesabu dakika kwa saa ya baba yako. Sindano ikipinda nainyoosha kwa koleo. Ikiwa butu nainoa kwenye jiwe laini nililolitoa kwetu Bombo, mtoni. Huko milimani ng'ombe ni wawili watatu, wamefungwa bandani, unapewa maji ya moto na kiti na chai. Ukimaliza kwa mama mmoja unachemsha tena kwa mama wa pili, hakuna anayekuharakisha. Nilidhani kazi yote itakuwa hivyo.

Kisha nikahamishiwa tambarare, upande wa Ruvu, kwa wafugaji. Huko ng'ombe ni zizi zima, na maji ni punda wametoka nayo mbali.

Miaka michache baadaye zikaja sindano za kutupa. Kila moja ndani ya karatasi yake, nyepesi, kali, safi. Pale ofisini walilicheka sanduku langu. Mwenzangu mmoja alisema limetoka kwenye makumbusho. Nami nikacheka nao, lakini iliniuma. Nilikuwa mwanamke peke yangu pale, na nilitaka wafugaji wanapomwona mama daktari anashuka kwenye pikipiki waone mtu wa kisasa. Nikalisukuma sanduku uvunguni mwa kitanda.

Sasa nikueleze siku yenyewe.

Kulikuwa na mfugaji anaitwa Lemburis. Mrefu, mkimya, mwenye kucheka kwa macho tu. Zizi lake lilikuwa na ng'ombe zaidi ya arobaini, na kwa eneo lile hakuwa tajiri wala maskini. Mke wake Naishorwa ndiye aliyejua kila ng'ombe kwa jina na kwa mama yake. Walikuwa wamekubali kwa mara ya kwanza kuchanja zizi lote, chanjo ya kimeta na chambavu. Nilikuwa nimewabembeleza karibu mwaka mzima. Lemburis alikuwa akisema, "Ng'ombe mzima unamchoma ya nini?" Mpaka jirani yake alipopoteza mitamba watatu kwa kimeta ndipo akanitumia ujumbe nije.

Asubuhi ile nilichukua kisanduku cha barafu chenye chanjo na boksi la sindano. Boksi sikulifungua. Lilikuwa jipya machoni pangu, na lilikuwa na uzito, nikaridhika. Nilipolifungua pale zizini nikakuta mabomba tele, na chini yake sindano sita. Mtu ofisini alikuwa amezitumia, au mimi mwenyewe nilizitumia nikasahau. Mpaka leo sijui. Sita.

Ng'ombe walikuwa wamefungiwa tangu alfajiri bila malisho. Vijana wa boma walikuwa wameshajenga kichochoro cha miti ya kuwapitishia. Chanjo nilikwisha kuifungua, na barafu ilikuwa inayeyuka. Lemburis alikuwa amesimama na fimbo begani, anangoja. Ningesema nini? Kwamba nimembembeleza mwaka mzima, halafu siku ya kazi nimekuja bila sindano?

Moto ulikuwa unawaka hatua ishirini kutoka pale nilipokuwa. Sufuria ilikuwepo. Maji yalikuwepo pia, madumu mawili, yametoka mbali. Ningeweza kuchoma ng'ombe sita, nikachemsha, nikachoma sita wengine, tungekwenda hivyo mpaka jua lizame. Niliona haya kuomba maji yao. Nikajiambia pia kwamba sindano zile zina plastiki, zitaharibika motoni. Mtu akitafuta sababu haikosekani.

Nikamimina spiriti kwenye kikombe. Nikawa nachoma ng'ombe, nachovya, nachoma mwingine.

Wa kwanza alikuwa dume jekundu ambalo Lemburis alilinunua mnadani miezi michache nyuma. Nilianza nalo kwa sababu lilikuwa pole, lilikuja lenyewe. Lilikuwa limekonda kidogo. Lemburis aliniambia liliwahi kuumwa kwa mwenye nalo wa zamani, likapona. Nilisikia. Nilikuwa nimesoma miaka miwili kuhusu maneno kama hayo, na yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Tulipofika kama ng'ombe wa kumi na tano, Naishorwa, aliyekuwa anashika mikia, akaniangalia mkono.

"Mama daktari, sindano ni ile ile?"

"Nimeitia kwenye spiriti."

"Ile ile?"

"Haina neno, mama. Ni dawa hii."

Akashika mkia wa mwingine. Tukaendelea mpaka wa mwisho. Ndama hatukuwachoma, niliwaachia siku nyingine. Tulipomaliza nilinawa mikono kwa maji ya yale madumu, nikanywa maziwa, nikaondoka na sifa.

Unajua kilichofuata. Umefanyia mtihani. Baada ya mwezi hivi Lemburis alipiga simu, sauti yake ikiwa ile ile ya kila siku, akasema, "Njoo uangalie ng'ombe." Nilikuta saba wamelala kivulini mwa miiba. Homa. Hawacheui. Kinyesi kikavu, kigumu. Nikafungua mdomo wa mmoja, fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi hii ninayoandikia. Siku mbili baadaye zikawa za manjano.

Ndigana baridi, ule ugonjwa wa damu unaobaki ndani ya ng'ombe hata akishapona. Nilijua kabla sijasimama. Wangeweza kuipata kwa kupe, ni kweli, na nililishikilia wazo hilo kwa mikono miwili nilipokuwa nazunguka zizi. Lakini jirani aliyechunga porini mule mule na kuogesha kwenye josho lile lile, ng'ombe wake walikuwa wazima. Na wagonjwa wote walikuwa wale waliopita mkononi mwangu. Damu ya lile dume jekundu niliibeba mimi, nikaigawa, ng'ombe baada ya ng'ombe, tone dogo ambalo hata halionekani kwa macho.

Nilirudi nyumbani nikalivuta sanduku la chuma kutoka uvunguni. Nikalala bomani siku nne. Nilichemsha kwenye moto ule ule, kwa maji yale yale niliyoona haya kuyaomba, na safari hii sikuyaomba, nilisema tu leteni maji. Niliwachoma dawa wote, wagonjwa na wasiougua bado. Wengine walisimama. Kumi na tisa hawakusimama.

Siku ya nne Lemburis alikaa juu ya jiwe karibu nami.

"Ni nini hiki?" akaniuliza.

Nakundwa, nilikuwa na nafasi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua tu, kama mtu anavyotaka kujua ndugu yake amekufa kwa nini.

Nikasema, "Kupe."

"Kupe," akarudia. "Basi tutaogesha zaidi."

"Ogesheni zaidi," nikasema.

Aliwaambia majirani kwamba mama daktari hakulala kwake siku nne kwa ajili ya ng'ombe wa mtu mwingine. Wiki ile alinitumia kondoo. Nilimpokea. Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki, ila tulimla Pasaka. Ulililia mguu, na baba yako akakupa.

Baba yako nilimwambia, yeye peke yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akasema, "Ukisema, hakuna atakayekuita tena. Na wasipokuita wewe watamwita nani? Watachoma wenyewe kwa dawa za dukani." Alikuwa anasema kweli, na alikuwa ananipenda. Lakini nimeishi na maneno yale kama mtu anayelala kwenye kitanda cha kukodi. Yalinistiri, hayakuwa yangu.

Lemburis hakuweza kuinuka tena. Waliobaki walikuwa dhaifu, hawakushika mimba, ukame mdogo ukawapunguza. Aliuza baadhi akaenda Dar es Salaam kuwa mlinzi. Mpaka leo analinda geti la watu. Zamani alikuwa anakuja kila msimu wa mvua, siku hizi anapiga simu.

Baada ya hapo nikageuka mtu wa kutupa. Sindano moja, mnyama mmoja, kama mlivyofundishwa chuoni. Glovu mpya kila mara. Glovu ndefu zile za kijani za kufika begani kwa kuzalisha, nazo mpya kila ng'ombe. Nikawa nafungua boksi na kuhesabu kabla sijatoka nyumbani, mara mbili. Nilidhani nimepata dawa ya kosa langu. Nilidhani usafi unanunuliwa, unatumika, unatupwa, basi.

Ila unatupwa wapi? Swali hilo halikuwemo kwenye mafunzo yangu, sijui kama limo kwenye yenu. Nilikuwa nachimba kishimo pale pale bomani, natia glovu na mabomba, nachoma moto vikiungua nusu, nafukia, naweka mwiba juu. Kwa mnyama mmoja ni kidogo. Kwa miaka ni mlima. Na mbwa wanafukua. Glovu imetoka ndani ya ng'ombe anayezaa, ina damu na chumvi, mbwa anaifukua kabla pikipiki yangu haijafika barabara kubwa.

Kuna jambo sikuwahi kukueleza. Ulikuwa darasa la sita, umejipatia bomba la sindano nyuma ya nyumba, ukawa unamwagilia mche wa mchicha kwa matone, tone moja tone moja, unaimba. Nilitoka ndani nikakuchapa. Nilikuchapa kwa mwiko mpaka ukaacha kulia ukawa unahema tu. Baba yako ndiye aliyenishika mkono. Hukuelewa, na mimi sikukueleza, nikakwambia ni kwa sababu hukuomba ruhusa. Ukweli ni kwamba bomba lile lilikuwa limetoka kwa ng'ombe aliyetupa mimba kwa ugonjwa unaowapata hata watu, na nilikuwa sijui limefikaje pale, nami niliogopa hata nikakosa la kufanya isipokuwa kukuumiza. Wiki mbili nilikuwa nakupima joto ukiwa umelala. Nisamehe kwa hilo. Siombi unisamehe mengine, hayo si yako kusamehe, ila hilo la mwiko ni letu mimi na wewe.

Sasa mwaka ule wa ukame, ulipokuwa kidato cha tatu. Unakumbuka ng'ombe walivyokuwa wakila maboksi, wakila kamba, wakilamba kuta. Naishorwa alikuwa amebaki na watoto, mbuzi kadhaa, na ng'ombe mmoja wa maziwa anayeitwa Namelok. Namelok alikuwa mmoja wa wale walioumwa mwaka ule wa sindano wakasimama. Kabla ya ukame nilimzalisha mimi, ndama alikuwa amekaa vibaya, tukahangaika asubuhi nzima, tukampata hai. Naishorwa alicheka mpaka akakaa chini.

Miezi ikapita, Namelok akaanza kukonda huku tumbo linajaa. Hacheui. Maziwa yakakauka. Nilimpa kila nilichokuwa nacho. Nikafikiri labda ni njaa tu, kama wengine. Alikufa mchana kweupe mbele ya mlango wa nyumba, na ndama wake amesimama pembeni.

Naishorwa akasema, "Mpasue. Nataka nijue."

Nikampasua, na yeye akawa ananishikia ngozi. Ndani ya tumbo kubwa kulikuwa na donge kubwa, zito. Mifuko ya plastiki, kamba za manila, vipande vya turubai, vyote vimesokotana. Nikawa navivuta kimoja kimoja. Kisha ikatoka ya kijani. Ndefu. Nikaivuta, ikaendelea kuja, na mwisho wake vikatoka vidole vitano. Halafu na ya pili.

Hakuna mtu mwingine tambarare ile yote aliyekuwa anavaa glovu zile.

Naishorwa aliishika moja, akainyoosha juu ya paja lake, akapangusa vidole kama mtu anayekunja nguo ya mtoto.

"Mama daktari," akasema, "huu ni mkono wako."

Nikasema ndiyo.

Nilikaa pale chini damu ikiwa imenifika viwikoni. Sikuwa na nguvu ya kutafuta sababu tena. Nikamwambia na la zamani. Nikamwambia hawakuwa kupe. Nikamwambia dume jekundu, sindano sita, spiriti haikufanya lolote, wale kumi na tisa niliwaua mimi, na mume wake yuko getini kwa watu kwa sababu yangu. Nilisema yote bila kumwangalia.

Aliikunja ile glovu mara mbili. Ndama akawa anamnusa mama yake.

"Nilijua," akasema.

Nikainua macho.

"Nilikuuliza siku ile," akasema. "Nilikuuliza mara mbili."

"Sasa mbona hukumwambia Lemburis?"

"Ningemwambia, angekukataza usije tena hapa. Na ng'ombe waliokuwa wamebaki nani angekuja kuwaangalia?"

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa ananieleza tu hesabu aliyoifanya na majibu aliyoyapata. Nakundwa, sijawahi kutukanwa na mtu yeyote duniani kwa namna iliyoniingia kama maneno yale. Mwanamke yule alikuwa amejua miaka yote kwamba mkono unaomuua ng'ombe wake na mkono unaomzalisha ni mmoja, na akaupokea, akaupa maziwa, kwa sababu hakukuwa na mkono mwingine.

Alinipa maji ya kunawa. Nikanawa.

Tangu siku hiyo sikuacha hata kipande cha plastiki bomani kwa mtu. Nilikuwa narudi nacho kwenye gunia nyuma ya pikipiki. Nikakipeleka kwenye hospitali moja yenye tanuri la kuchomea taka, mhusika akaniambia, "Hapa tunachoma za binadamu, mama, za ng'ombe hapana." Nikaandika barua ofisini. Nikaambiwa suala langu linafanyiwa kazi. Nikaandika nyingine. Basi magunia yakaingia kwenye ile stoo ya nyuma ambayo hukuruhusiwa kuikaribia, na yamo mpaka leo. Panya wameyatoboa. Baba yako alipanga kuchimba shimo la zege, akapima hata kwa kamba, kisha akaugua. Sasa ukiondoka nitabaki mimi na yale magunia, na sijui yule atakayeikuta nyumba hii baada yangu atayafanya nini.

Kwa hiyo jibu lako ni hili, na si zuri.

Chuma kinataka maji, kuni, muda, na mtu asiyechoka. Huko unakokwenda vyote hivyo ni haba, na cha mwisho hakipo kabisa, maana hakuna mtu asiyechoka. Siku utakayochoka, chuma kitabeba damu ya mmoja kwenda kwa mwingine, kwa uaminifu kabisa. Plastiki haikudai chochote asubuhi, inakudai jioni, na wanaolipa ni wengine. Mimi niliitumia ya kutupa kama ya chuma, nikaua. Kisha nikaitumia kama ilivyotakiwa, nikaua tena. Nimetafuta sana njia ya tatu. Kama ipo, inahitaji watu wengi kuliko mmoja juu ya pikipiki, na mimi sikuwapata. Nakuombea wewe uwapate, ingawa sijaona dalili.

Nimekuwekea vyote. Sanduku la chuma liko chini ya nguo zako za baridi. Sindano za kutupa ziko kwenye katoni, nimezitoa zote nikazihesabu mbele ya dirisha, ziko kamili leo, kesho kutwa usiniamini, hesabu mwenyewe. Kwa kukata pembe, kuhasi, na kwa mnyama mmoja mmoja penye maji, chemsha. Kwa zizi zima, sindano moja kwa kila mmoja, na urudi na zote. Zitakujaa. Sijui utazipeleka wapi.

Na ipo siku utasimama mbele ya zizi ukiwa na chache kuliko wanyama. Najua itakuja, kwa sababu anayetuma vifaa hajui idadi ya ng'ombe, na anayejua idadi ya ng'ombe si anayetuma vifaa. Watu watakuwa wamekaa wanangoja. Siku hiyo ningetamani uwaambie fungueni ng'ombe waende malishoni, nimekosea, nitarudi. Chanjo itaharibika. Watakusema. Labda hawatakuita tena, na labda kimeta kitaingia kabla hujarudi, na hapo pia utakuwa umekosea. Sina la kukupa dhidi ya hilo. Ila ukishindwa, ukachoma kama nilivyochoma, basi mtu akikuuliza ni nini hiki, usimwambie kupe.

Nilipostaafu nilidhani uzito utapungua. Umebadilika mahali tu. Mikono yangu unaiona inavyotetemeka, hata kikombe nakishika kwa mikono miwili, siwezi tena kumchoma kuku. Tambarare ile hawajapeleka mtu. Wanasema wataajiri. Nilitumaini kimya kimya kwamba utapangiwa huku, na ulipopata barua ya Kiteto nilipiga vigelegele na mama wa jirani, na moyoni nikawa nawaona watu wa kule wakiangalia barabara.

Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, alikuja kijana wa kiume getini, amevaa shuka jekundu na viatu vya matairi, amekuja na pikipiki kutoka upande wa Ruvu. Akanisalimu kwa adabu sana. Ng'ombe wa baba yake anazaa tangu jana, mguu mmoja umetoka, wa pili hauonekani. Nikamwonyesha mikono yangu. Akaiangalia.

"Wanasema una binti amesomea," akasema.

"Anaondoka kesho."

"Kwenda wapi?"

"Kiteto."

"Kule wana ng'ombe wengi," akasema.

Nilikusikia unamwaga maji bafuni. Ningeweza kukuita, Nakundwa. Ungekwenda, nakujua, ungekwenda na nywele mbichi, na ungerudi labda leo jioni, labda kesho, gari lingekuacha, na kesho kutwa wangekuja wengine, na wengine, mpaka nafasi yako ingepewa mtu mwingine nawe ungekuwa mimi. Sikukuita. Nilimwambia ajaribu Same mjini kwenye maduka ya dawa. Tulijua wote wawili kwamba leo ni Jumapili na yamefungwa.

Akasema, "Sawa, mama." Akanishukuru. Alisukuma pikipiki mpaka mwisho wa uzio ndipo akaiwasha, nadhani kwa kutotaka kupiga kelele nyumbani kwa mtu mzima.

Nimekuwa nikimwaza yule ng'ombe mchana kutwa. Sasa hivi atakuwa ameshakufa.

Nimekuchagua wewe. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu, na ulijue ukiwa mbali.

Mama yako anayekupenda